Mzigo wa Mwenzio: Ustahimilivu wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki Ugenini, 1943–1976

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesoma nje ya nchi yake siku hizi hulisikia neno ustahimilivu mara nyingi. Hulisikia katika wiki ya kupokewa chuoni, katika ofisi ya mnasihi na katika matangazo yaliyobandikwa ukutani. Ushauri wenyewe ni mwema: ulale vya kutosha, ufanye mazoezi, utafute marafiki, usikate tamaa. Hata hivyo, ushauri huo unachukulia kwamba ustahimilivu ni mali ya mtu binafsi. Ama anao, ama hana. Na asiye nao inabidi afundishwe.

Insha hii inaipima dhana hiyo kwa historia. Inawaangalia wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosoma nje ya nchi zao kuanzia miaka ya 1940 hadi mwaka 1976, katika sehemu tatu: Makerere, Marekani, na nchi za kikomunisti za Ulaya. Inauliza ni nini kilichowawezesha wengi wao kumaliza masomo, na ni nini kilichowavunja wengine. Hoja yake ni kwamba uimara wa mwanafunzi ugenini ulitegemea sana mambo manne yaliyokuwa nje ya nafsi yake: kupokewa, kuwa na wenzake, kuwa na sauti, na kuwa na usalama pamoja na njia ya kurudi nyumbani.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia kuliona jambo hili. Kustahimili na kuhimili vina asili moja ya Kiarabu na hamali, yaani mchukuzi wa mizigo. Anayestahimili, basi, ni mtu aliyebeba kitu. Tukimwona hamali ameanguka njiani, hatuulizi tu kama ana nguvu. Tunauliza pia mzigo ulikuwa na uzito gani, nani alimtwika, njia ilikuwaje, na kama kulikuwa na mtu wa kumpokea. Maswali hayo ndiyo yanayoongoza insha hii.

Wataalamu na kichwa cha mwanafunzi

Miaka ya 1950 wataalamu wa Ulaya na Marekani walianza kuandika sana juu ya hali ya kiakili ya mtu aliye ugenini. Mwaka 1955 Mnorwe Sverre Lysgaard alichapisha utafiti wake juu ya Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aligundua kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali mbaya kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Hali ya mgeni, kwa mujibu wake, huanza juu, hushuka, kisha hupanda tena. Katika miaka hiyohiyo mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alilieneza wazo la mshtuko wa kiutamaduni, akaeleza hatua ambazo mgeni hupitia kutoka furaha ya mwanzo hadi kuzoea.

Maelezo hayo yana ukweli wake. Wanafunzi wengi watakubali kwamba miezi ya kwanza huwa ya shauku, na majonzi huja baadaye. Lakini Mnorwe aliyekwenda Marekani mwaka 1950 hakukatazwa kuketi katika mkahawa kwa sababu ya rangi yake. Hakuhofia kwamba chama cha wanafunzi wenzake kingepigwa marufuku. Nadharia iliyotokana na maisha yake haikuwa na nafasi ya mambo hayo, na ilipowekwa juu ya Mwafrika ilielekea kuufanya ubaguzi uonekane kuwa tatizo la mtu kuchelewa kuzoea.

Kwa upande wa Afrika, mwaka 1960 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliandika juu ya wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kwamba vichwa vinawaka moto, macho yanawasumbua, na wanachosoma hakiingii. Wenyewe waliuita uchovu wa ubongo. Prince aliuhusisha na mgongano kati ya elimu ya Kizungu, inayomtaka kila mtu ajitegemee na kusoma peke yake, na malezi ya jumuiya. Wanafunzi hao walikuwa katika nchi yao wenyewe, lakini maelezo yake yanagusa jambo ambalo kila aliyesomeshwa na ukoo analijua: kitabu kimoja husomwa na mtu mmoja, lakini mtihani wake husubiriwa na watu wengi. Makerere nako, mwaka 1969, Allen German na O. P. Arya walichapisha utafiti wao juu ya maradhi ya akili miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho. Kwa hiyo si kweli kwamba afya ya akili ya wanafunzi ni hangaiko jipya katika ukanda wetu.

Katika tafiti nyingi za wakati ule swali lilikuwa: mwanafunzi huyu ana nini? Historia inaturuhusu kuuliza swali lingine: mwanafunzi huyu amewekwa wapi, na nani?

Makerere: kuwa na wenzako

Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kufikia miaka ya 1940 kilikuwa ndicho mlango wa elimu ya juu kwa vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kwa kijana wa Tanganyika, Kampala ilikuwa ugenini kabisa. Njia yake ilikuwa ya reli hadi Mwanza, kisha meli ya Ziwa Viktoria. Lugha ya mitaani ilikuwa Kiganda, na Kiswahili chake hakikumfikisha mbali katika mji ambao lugha hiyo haikupendwa sana.

Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943 akitokea Tabora. Yeye na wenzake, miongoni mwao Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika kilichobeba jina la ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Wanahistoria wamekiangalia chama hicho zaidi kama hatua katika safari ya siasa iliyopitia chama cha TAA na kufika TANU. Kwa mada yetu, neno la kutiliwa mkazo ni lile la ustawi. Vijana wachache waliokuwa mbali na kwao walijiona kuwa na haja ya kukaa pamoja na kujaliana, na kutokana na haja hiyo wakazaa mawazo makubwa zaidi.

Hawakuwa wa kwanza. Huko London, Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi uliundwa mwaka 1925 chini ya Ladipo Solanke, na mwaka 1933 ukafungua bweni lake lenyewe, kwa sababu Mwafrika aliyetafuta chumba cha kupanga mjini humo alifungiwa milango mingi. Bweni hilo lilikuwa mahali pa kulala, kula na kubishana siasa. Leo tungesema lilikuwa huduma ya afya ya akili, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Marekani: kupokewa

Mwishoni mwa miaka ya 1950 nafasi za elimu ya juu Afrika Mashariki zilikuwa haba mno. Makerere haikuweza kuwachukua wote waliofaulu, na Chuo cha Ufundi cha Kifalme mjini Nairobi kilikuwa kimefungua milango mwaka 1956 tu. Tom Mboya alizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba nafasi za masomo na nauli. Septemba mwaka huo ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Fedha zilichangishwa kwa msaada wa watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na wanafunzi wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi nyingine wakajiunga na safari. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Uzito wa mzigo wao ulianza kabla ya kupanda ndege. Familia ziliuza mifugo, vijiji vilichanga, karamu za chai zilifanywa ili mtoto apate fedha za mkononi. Aliyesindikizwa na kijiji kizima hawezi kuandika barua ya kusema ameshindwa. Tena serikali ya kikoloni haikuupenda mpango huo, ikadai kwamba vyuo vya Marekani ni vya hadhi ya chini. Mwanafunzi alisoma huku akijiuliza kama shahada yake itatambuliwa atakaporudi. Udhamini wa wengi ulilipia ada bila kugusa mahitaji mengine, kwa hiyo walifanya kazi za kuosha vyombo na kusafisha majengo, na likizo za baridi, wenzao walipokwenda makwao, zilikuwa tatizo la malazi na la upweke pia.

Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960, ameeleza katika kumbukumbu zake safari ya basi kutoka New York kwenda Kansas pamoja na Mkenya mwenzake. Walipofika Indiana walikataliwa kuketi ndani ya mkahawa kwa sababu ya rangi yao. Hilo lilikuwa somo lao la kwanza kuhusu nchi iliyowaalika. Hata hivyo, chuo chao cha Mount St. Scholastica mjini Atchison kiliwapokea vizuri. Watawa waliokiendesha waliwajali, na Wakenya hao wawili walikuwa na lugha na kumbukumbu moja ya kwao. Maathai alihitimu mwaka 1964, akaendelea na shahada ya pili Pittsburgh, na baadaye akawa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama ushuhuda wa moyo wa chuma. Moyo alikuwa nao, hakuna shaka. Lakini tukiishia hapo tutawasahau watawa, tutamsahau mwenzake wa safari, na tutaisahau kamati iliyowatafutia wanafunzi nafasi, nauli na vyuo vya kuwapokea. Mzigo ulikuwa mzito, lakini haukubebwa na mabega mawili peke yake.

Sofia, Moscow na Baku: kuwa na sauti

Nchi za kikomunisti zilitoa mpango uliokuwa bora zaidi kwa upande wa fedha. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mwanafunzi wa kigeni katika Umoja wa Kisovyeti hakulipa ada, alifundishwa Kirusi kwanza kabla ya kuanza masomo yenyewe, na alipewa posho ya kila mwezi iliyozidi ile ya mwanafunzi Mrusi. Kutoka Kenya, Oginga Odinga aliwasaidia vijana wengi kupata nafasi hizo.

Kama ustahimilivu ungetegemea fedha na mpangilio wa masomo pekee, wanafunzi hawa wangekuwa na amani kuliko wale wa Marekani. Haikuwa hivyo. Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika mjini Sofia, Bulgaria, waliandamana baada ya serikali kukataa kuutambua umoja wao. Walipambana na polisi, baadhi yao wakakamatwa, na baada ya hapo wengi waliondoka nchini humo. Desemba mwaka huohuo mwili wa Edmund Assare-Addo, mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana, ulikutwa nje kidogo ya Moscow. Wakuu walisema alikufa kwa baridi akiwa amelewa. Wenzake walisema ameuawa. Tarehe 18 Desemba Waafrika wapatao 500 waliandamana hadi Uwanja Mwekundu, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana mjini humo kwa miaka mingi. Mwaka 1965 Wakenya 29 waliokuwa wakisoma Baku, Azerbaijan, waliacha masomo na kurudi Nairobi wakilalamikia kubaguliwa na kushambuliwa.

Vyombo vya habari vya Magharibi vilizitumia habari hizi kama silaha katika Vita Baridi, na tunapaswa kuzisoma kwa tahadhari hiyo. Ni kweli pia kwamba wanafunzi wengi walimaliza huko na kurudi wakiwa madaktari na wahandisi walioifaa Afrika. Lakini jambo moja linaonekana wazi. Pale Sofia wanafunzi walinyimwa chama. Moscow walifikwa na msiba na kupewa maelezo wasiyoweza kuyahoji kupitia chombo chochote walichokiamini. Mtu aliyekaribishwa kwa jina la udugu, akatukanwa njiani na kuambiwa kwamba katika nchi hii ubaguzi haupo, huumia mara mbili: kwanza kwa tusi, pili kwa kuambiwa kwamba hakulisikia. Posho nzuri haiwezi kuliondoa jeraha hilo la pili.

Je, Wakenya wale 29 walikosa ustahimilivu? Kwa kipimo cha mabango ya siku hizi, ndiyo, maana waliacha masomo. Lakini mtu anaweza kuutua mzigo kwa sababu ameona kwamba njia aliyoelekezwa si salama, na uamuzi wa namna hiyo ni dalili ya akili timamu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni wepesi sana kuwahukumu walioutua, hasa kama hatukuwahi kuubeba.

Makerere tena: usalama na njia ya kurudi

Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mpangilio huo uliwafanya wanafunzi wa nchi tatu wazoee kuvuka mipaka kufuata fani zao. Ulivunjika mwaka 1970, lakini wanafunzi wa nchi jirani waliendelea kuwapo Makerere hata baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971.

Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Mwaka 1976 hali ikawageukia wanafunzi wenyewe. Februari Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, na mwezi huohuo mwanafunzi kutoka Kenya, Esther Chesire, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kwenda kwao. Machi, Paul Serwanga, mwanafunzi wa sheria, alipigwa risasi na kufa. Tume ilipoundwa kuchunguza mambo hayo, mlezi wa bweni la wasichana la Africa Hall, Theresa Nanziri Bukenya, aliuawa. Julai, baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka Entebbe, Wakenya waliokuwa Uganda waliandamwa na kuuawa. Agosti wanajeshi waliingia chuoni na kuwapiga wanafunzi.

Mabweni yalikuwa yaleyale, mlima uleule. Mgeni wa mwaka 1976 hakuwa dhaifu kuliko mgeni wa mwaka 1943. Kilichobadilika ni kwamba dola iliyopaswa kumlinda ilikuwa ndiyo inayomwinda, na njia yake ya kurudi nyumbani ilikuwa imegeuka mtego. Katika mazingira kama hayo hofu na kukosa usingizi si ugonjwa wa kutibiwa kwa ushauri nasaha. Ni jibu sahihi la akili kwa hatari iliyopo.

Hitimisho: somo kwa vyuo vya ukanda wetu

Inaweza kupingwa kwamba watu wawili huwekwa katika bweni moja, mmoja akasimama na mwingine akaanguka. Basi tofauti iko ndani yao. Pingamizi hilo lina uzito. Insha hii haikatai kwamba tabia, imani na malezi ya mtu vina sehemu yake, wala haikatai kwamba maradhi kama sonona yanahitaji daktari na dawa. Inachosema ni kwamba chuo hakiwezi kubadili utoto wa mwanafunzi, lakini kinaweza kubadili namna kinavyompokea. Hapo ndipo wajibu wake unapoanzia.

Suala hili limerudi mlangoni petu. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mrundi husoma Kampala, Mganda husoma Dodoma, Mkongo husoma Nairobi. Tumeshughulikia ada na utambuzi wa vyeti, mambo yaliyowanyima usingizi wanafunzi wa mwaka 1959. Bado yapo matatu ambayo historia inatukumbusha.

Kwanza, mgeni apewe mtu, si karatasi ya maelekezo tu. Mwanafunzi wa mwaka wa juu anayemjua kwa jina tangu siku ya kwanza, na atakayeuliza habari zake likizo inapofika. Pili, vyama vya wanafunzi wa nchi moja visitazamwe kwa shaka kana kwamba ni vyama vya ukabila au vya siasa. Sofia imetuonyesha mwisho wa kuvikataza. Tatu, mnasihi azungumze lugha ambayo mgeni anaumia nayo. Mwanafunzi wa kutoka Bukavu au Bujumbura anayesema “nina mawazo” au “roho imechoka” amekwisha kueleza hali yake yote. Akilazimishwa kuitafsiri kwa Kiingereza chake cha darasani, atasema tu kwamba kichwa kinamuuma, naye atapewa dawa ya maumivu na kurudishwa bwenini. Hapa sisi tunaosoma Kiswahili tuna kazi ya kufanya, maana msamiati wa maumivu ya moyo ni sehemu ya lugha tunayoisomea, na vyuo vingi katika ukanda huu bado havijautumia katika vyumba vya unasihi.

Mhenga alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitaja methali hiyo tukikumbuka jembe. Tuzikumbuke na zile siku mbili za kwanza: ni za mwenyeji kufanya kazi.